Mbwa wa Saa Kumi

Komeo lilipigwa kwa nje siku ya Jumatatu, na kufika Jumatano mtaa mzima ulishajua kwamba fundi bomba na mkewe wanamfungia mzee wao ndani. Mtaa una midomo, jamani. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mzee huyo amepotea mara ngapi. Alikuwa amepotea mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Mara ya kwanza alikutwa kwenye lango la kiwanda cha mbao, mara ya pili akarudishwa na muuza maji, na mara ya tatu akaokotwa barabara kuu, kiatu kimoja mguuni, magari yanampigia honi, naye anayapungia mkono yasimame ayakague.

Mke wa fundi bomba alikuwa mshonaji wa sare za shule. Cherehani yake ilikaa sebuleni, karibu na mlango, na hapo ndipo alipopata jina. Mzee alikuwa amelinda bohari kwa miaka thelathini na moja, yeye na mbwa wake, na kichwani mwake bado yuko kazini. Mwanamke anayekaa mlangoni, mwenye mikasi na vitambaa vilivyokunjwa vizuri, angekuwa nani tena kama si mtunza stoo? Akamwita Mama Stoo, na jina likaganda. Hata mumewe alimwita hivyo siku akitaka utani.

"Mama Stoo, fungua. Zamu yangu imefika."

"Bado, Mzee. Mbwa hajaletwa."

"Shaba hajaletwa?"

"Hajaletwa."

"Basi nangoja."

Na kweli alingoja, mikono nyuma, kisigino kwa kisigino. Mama Stoo alitamka neno hilo kwa kuchoka tu, sindano mdomoni, lakini aliona lilivyomtuliza. Nusu saa baadaye mzee alisahau, akaanza kuupiga mlango kwa ngumi akisema anakwenda kumtafuta mbwa wake. Hapo mwanamke akaelewa. Mara zote tatu, mzee hakuwa amepotea. Alikuwa anamtafuta mbwa.

Jioni alimwambia mumewe. "Tumtafutie mbwa. Akiwa na mbwa hana cha kutafuta."

Fundi bomba alikuwa anajisugua mikono kwa sabuni ya unga, uchafu wa mabomba ya watu haumtoki kuchani. "Mbwa? Mke wangu, sisi wenyewe tunabanana humu."

"Basi shinda naye wewe kesho, mimi nikazibue vyoo."

Fundi akasuuza mikono, akakubali.

Jumapili alikuja dada yake fundi, wifi wa watu, ambaye huishi mbali na husikia habari zote. Hakuketi. Alisimama mlangoni, akalishika lile komeo kwa vidole viwili.

"Wifi, hili ni la nini?"

"La baba yako."

"Baba yangu si kuku."

"Najua si kuku. Kuku ningemwachia, jioni angerudi mwenyewe."

Wifi akaliachia komeo. Kisha akamgeukia kaka yake, kwa sababu maneno mazito huambiwa mwenye damu. "Nisikilize. Akipotea mara moja tu tena, namchukua nampeleka nyumba ya wazee. Sitaki kuitwa kutambua maiti."

Mama Stoo aliijua nyumba ya wazee. Aliwahi kupeleka mashuka pale. Aliwaona wamepangwa kwenye benchi wakitazama ukuta, kila mmoja na kitambaa chenye jina kifundoni mwa mkono, na mmoja akamshika sketi akamwomba amfungulie. Hakumfungulia, na mpaka leo hajamsahau. Mkwewe huyu, hata akikojoa kitandani, hata akimpigia saluti mbele ya wateja, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwita binti yangu alipoolewa. Hakuwa tayari kumwona kwenye benchi lile.

Basi wakaanza kutafuta.

Wa kwanza alikuwa kitoto cha mbwa walichopewa na mchinja nyama. Mzee alikiinua kwa ngozi ya shingo, akakitazama tumbo, akakirudisha chini. "Mnaniletea mtoto lindoni? Mama yake yuko wapi?" Kitoto kikalia siku mbili kikarudishwa. Wa pili alikuwa dume kubwa la mlinzi mmoja aliyeacha kazi, na siku hiyohiyo likarukia sketi ya mteja aliyekuja kupimwa. Sketi ilichanika, mteja hakurudi, na wala hakukosea.

Wa tatu ni aibu ya fundi bomba mwenyewe. Mzee alikuwa amesema Shaba ni wa rangi ya kahawia, sikio la kushoto limechanika. Fundi akamwokota koko mmoja mweupe mweupe nyuma ya soko, akamfungia kwenye kibanda cha vifaa vyake, akampaka dawa ya viatu ya kahawia kuanzia pua hadi mkia. Kopo zima. Akamleta sebuleni kifua mbele.

"Baba, Shaba huyu hapa."

Mzee akainama. Akanusa. "Huyu ananuka kiatu."

Mama Stoo alicheka mpaka akaiacha cherehani. Fundi naye akacheka, mikono yake ya kahawia mpaka kwenye viwiko. Lakini mzee hakucheka. Alimtazama mwanawe, akasema kwa upole, "Kijana, ukidanganya lindoni utafukuzwa kazi." Kicheko kikaisha hapohapo. Fundi akatoka kwenda kumwosha mbwa wa watu, na alipomaliza akakaa kwenye ndoo, akalia.

*

Muuguzi wa zahanati ndiye aliyewaambia kuhusu kituo cha kutunza mbwa walioachwa. Hawauzi, alisema, wanatoa kwa familia inayofaa. Mama Stoo akaenda, akajaza fomu ya kurasa nne, akaambiwa atatembelewa.

Mwanamke wa kituo alifika baada ya wiki sita. Alivaa miwani na alikuwa na daftari gumu. Hakuwa mtu mbaya. Alifanya kazi yake.

"Uzio hakuna?"

"Kuna michongoma."

"Mchana nani yuko nyumbani?"

"Mimi na baba mkwe."

"Mbwa atalala wapi?"

"Jikoni, kwenye pembe ile. Nimeipima, inatosha."

"Baridi haingii? Nani atamtembeza? Akiugua mtampeleka wapi?"

Mama Stoo alijibu moja moja, mikono kwenye aproni. Katika miaka yote ya ugonjwa wa mzee, hakuna ofisi iliyowahi kumtuma mtu na daftari kuja kuuliza mzee analala wapi na kama baridi inamwingia. Alijikuta anamwonea wivu mbwa ambaye hata hajafika.

Yule mwanamke alipokuwa anatoka, akaliona komeo. "Hili la nje ni la mbwa?"

Angeweza kusema ndiyo. Mdomo ulikwishafunguka. Lakini mzee alikuwa nyuma yake, kwenye kiti cha pili karibu na cherehani, ngumi zimevimba kwa kuugonga mlango, na aliona atakuwa amemkana. "La baba mkwe wangu," akasema.

Kalamu iliandika kwa muda. "Mama, mbwa wetu hatuwapeleki kwenye nyumba ya kufungia. Tutawaita."

Hawakuitwa. Mwezi ukapita, na wa pili, na wa tatu. Kila Jumamosi ya kwanza Mama Stoo alikwenda kituoni kwa miguu, na kila mara akaambiwa foleni ni ndefu. Mara moja aliona familia ikiondoka na mbwa mwenye utepe shingoni, ndani ya gari, kichwa nje ya dirisha.

Mwezi wa tano wa kungoja akachukua bisibisi ya mumewe akaling'oa komeo yeye mwenyewe. Zikabaki tundu nne, akazijaza sabuni ya kipande akazisawazisha kwa kidole. Tangu siku hiyo, kila akikaa kushona, alijifunga ukanda wa kitambaa cha sare kiunoni, na ncha ya pili akaifunga kwenye kifundo cha mkono wa mzee. Mzee akisimama, yeye anasimama. Mzee akienda chooni, wanakwenda. Sare zilizokuwa zikimchukua siku moja zikawa zinachukua siku tatu, na wateja wakaanza kwenda kwa mwingine.

"Mama Stoo," mzee alimuuliza siku moja akiutazama ule ukanda, "mbwa ni mimi?"

"Hapana, Mzee. Ni mimi."

"Ahaa." Akaridhika kabisa. Mama Stoo akageukia cherehani, asionekane uso.

Foleni ilipowafikia wakatembelewa mara ya pili, mwanamke wa miwani alipitisha kiganja kwenye mlango, mahali penye sabuni. Aligundua, bila shaka aligundua. Akaandika neno moja akafunga daftari.

*

Mbwa aliletwa mwezi wa tisa wa kungoja. Alikuwa jike la makamo, rangi ya kahawia, mvi mdomoni, masikio yote mazima. Watu wake walihama wakamwacha amefungwa mtini. Mwanamke wa kituo alitoa masharti mlangoni. "Asitoke bila kamba. Akipotea, hampati mwingine. Baada ya miezi sita nitapiga simu kuuliza hali yake."

Mzee alipiga goti moja. Akamkagua meno, akamwinua wayo mmoja mmoja. Fundi bomba na mkewe walisimama ukutani, wameshikana mikono.

"Huyu siye Shaba," mzee akasema.

Mama Stoo akafumba macho.

"Shaba alikufa. Nilimzika mwenyewe nyuma ya bohari." Alisema hivyo waziwazi, kwa sauti ambayo hawakuwa wameisikia kwa miaka miwili. "Lakini huyu anajua kazi. Anaitwa Koplo."

Akavaa kamba mkononi. Wakatoka. Fundi aliwafuata kwa mbali, akijificha nyuma ya michongoma kama mwizi, na akaona maajabu: baba yake anatembea wima, anasimama kila lango, anatikisa kufuli, anasema "salama," mbwa naye anakaa, anangoja, wanaendelea. Mtaa mzima ulikaguliwa. Kisha wakarudi.

Ikawa hivyo kila siku. Watu wale wale waliosema mzee anafungiwa, sasa walimsalimu getini. "Kamanda, kufuli langu likoje?" "Salama." Mama Stoo alishona kwa mikono yake miwili, kiuno hakina ukanda, akawa anaimba. Wateja wawili walirudi.

Wiki ya tatu walichelewa. Saa kumi na moja ikapita, jua linateremka, na Mama Stoo yuko barabarani hana viatu. Akawakuta nyuma ya shule, mzee amesimama tu, hajui kushoto wala kulia, mbwa amekaa miguuni pake. Mbwa hakumwacha. Angekaa pale mpaka kesho. Lakini Mama Stoo aliyeona benchi la wazee mbele ya macho yake hakuliona hilo. Aliona tu kwamba Koplo ni mbwa asiyejua kurudi nyumbani, na kwamba akipotea mzee, wamepotea wote wawili.

Ndipo akabuni lake. Kila siku saa kumi kamili alitoka mlango wa nyuma na sufuria, akaigonga kwa mwiko, ngwa, ngwa, ngwa, akamwaga chakula kwenye sahani ya bati. Wiki ya kwanza alifanya hivyo mbwa yuko hapohapo uani. Wiki ya pili akamgongea yuko lango la tatu. Mwisho wa mwezi, popote walipo, ikigongwa sufuria Koplo anageuka anavuta kamba, na mzee anafuata nyuma akisema, "Zamu imekwisha." Baada ya kula mbwa hulala pembe yake ya jikoni, hatoki mpaka kesho.

Fundi bomba alicheka mpaka machozi. "Wewe umemfundisha nani hasa? Mbwa au baba?"

"Wote wawili. Na wewe nakutafutia sufuria yako."

Wifi alikuja, akashuhudia. Safari iliyofuata alileta ukosi mpya wa mbwa, wa ngozi, akauweka juu ya cherehani bila neno. Kwake yeye hiyo ilikuwa ni kuomba radhi.

*

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, wiki ya kufungua shule, na Mama Stoo alikuwa na sare kumi na nne za kukunja pindo. Mzee na Koplo walitoka saa sita. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu na leo jua limependeza. Alishona. Saa kumi ikafika, akachukua sufuria akagonga.

Kimya. Hawajawahi kuchelewa zaidi ya dakika mbili tatu. Akagonga tena, mara hii kwa nguvu, mpaka jirani akachungulia. Akapanda juu ya jiwe la kufulia akagonga mpaka mwiko ukavunjika.

Koplo akatokea. Alikuja mbio, kamba inaburuta, matope mpaka tumboni. Mama Stoo alifurahi. Kwa kufumba na kufumbua alifurahi, akatazama nyuma ya mbwa amwone mzee, na nyuma ya mbwa hapakuwa na mtu.

"Mwenzako yuko wapi?"

Mbwa alikwenda kwenye sahani akakaa.

"Nipeleke! Koplo, nipeleke kwa Mzee!" Akaishika kamba akamvuta hadi njiani. Mbwa akamtazama usoni, masikio yameanguka, anatafuta kosa lake. Alipomwachia, Koplo alirudi moja kwa moja, akalamba sahani tupu, akaingia jikoni akalala. Kazi yake ilikuwa imekwisha. Alifundishwa hivyo.

Walitafuta barabara kuu, kwa sababu mara ya tatu aliokotwa huko. Walitafuta kiwanda cha mbao, na bohari ya zamani ambako sasa wanauza magodoro; hata nyuma ya shule walipita na tochi wakaita, wasilione shimo. Mtaa wote ulitoka, siwezi kuwanyima haki yao. Asubuhi ndipo alipoonekana, ndani ya shimo la udongo wa matofali nyuma ya shule, mwendo wa dakika kumi tu kutoka mlango wa nyuma. Mguu ulikuwa umevunjika, maji ya mvua yamemfika kifuani. Daktari alisema si mguu uliomuua, ni baridi, na ilimchukua saa nyingi.

*

Siku ya pili ya msiba alikuja mfyatua matofali. Watu walimpisha kiti. Alikuwa mtu wa makamo, mikono imepasuka kwa udongo, na aliona ni wajibu wake kueleza.

"Shimo lile si langu, nataka mjue. Mimi niko upande wa pili, kwenye tanuri. Nilimsikia mbwa anabweka tangu saa saba. Anabweka, hanyamazi. Nikajisemea, nikishamaliza kuziba tanuri nitakwenda kuona. Ukiliacha tanuri wazi matofali yote yanakuharibikia, mnajua. Nikawa nimemaliza, nanawa mikono, nishike njia. Mara nikasikia huko majumbani mtu anagonga sufuria. Anagonga sana. Mbwa akanyamaza." Akakuna kichwa. "Nikajua mwenyewe kamwita. Nikarudi kwangu. Mnisamehe, jamani."

Wifi aliinua macho akamtazama Mama Stoo, kisha akayashusha haraka, na huko kuyashusha kulimuumiza mwenzake kuliko tusi.

"Saa ngapi hiyo?" fundi bomba aliuliza, ingawa alijua.

"Kama saa kumi hivi."

Mama Stoo akasimama. "Ni mimi niliyegonga."

"Kaa chini, mke wangu."

"Nilivunja na mwiko."

"Ulikuwa unawaita nyumbani," fundi akasema. "Wote wawili. Kila mtu hapa anajua."

"Nilimwita mbwa. Mbwa alikuwa amekaa naye. Alikuwa anapiga kelele watu waje, na watu walikuwa wanakuja. Mimi nikamwita aje ale."

Fundi bomba akamshika bega amketishe, naye akabaki amesimama. Mfyatua matofali ndiye aliyetoka kwanza, kofia mkononi, anajuta kuja.

*

Simu ya kituo ililia wiki moja baada ya watu kuanua matanga. Mama Stoo alikuwa kwenye cherehani. Kiti cha pili kilikuwa kimewekewa vitambaa, ili kisiwe kitupu.

"Mama, habari za siku nyingi. Nilisema nitapiga, miezi sita imetimia," alisema mwanamke wa miwani kwa uchangamfu. Karatasi zilisikika zikifunuliwa. "Maswali machache tu. Anakula vizuri?"

"Anakula."

"Hajang'ata mtu?"

"Hapana."

"Amewahi kupotea?"

"Yeye? Hajawahi."

"Vizuri sana. Na akiitwa, anakuja?"

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia kumi. Tangu msiba hakuna aliyegonga chochote, chakula kilikuwa kinawekwa kimyakimya, lakini Koplo alikwishaamka kwenye pembe yake na kwenda kukaa mlango wa nyuma.

"Anakuja," Mama Stoo akasema. "Awe wapi, awe na nani. Akiitwa, anaacha yote anakuja."

"Mna bahati, mama. Mbwa wa hivyo watu wanawangoja miaka."

"Na sisi tulimngoja," akasema. Akaiweka simu chini, akaenda kumfungulia.